Mgeni Rasmi Hajibu Swali la Mtaji

Mahafali yanapokaribia, shule nyingi hapa Moshi huanza kumtafuta mgeni rasmi. Kamati inakaa, majina yanatajwa, na siku hizi anayechaguliwa mara nyingi ni mfanyabiashara. Zamani kidogo alikuwa padri, mchungaji au mkuu wa wilaya. Sasa ni mwenye mabasi, mwenye kampuni ya utalii, mwenye vituo vya mafuta. Sababu moja inajulikana na hakuna haja ya kuizunguka: mgeni rasmi huchangia. Anaweza kuacha madawati, kompyuta, hata bati za bweni. Sababu ya pili ndiyo inayotangazwa kwenye kipaza sauti, kwamba vijana wapate mtu wa kumwiga.

Nafundisha masomo ya biashara sekondari, na hotuba hizo nimezisikia hadi nimezikariri. Mzee alizaliwa kwenye umaskini. Alitembea peku kwenda shule. Alianza na kidogo sana, akajituma, akamtanguliza Mungu, na leo ndiye huyu mnayemwona. Makofi. MC anauliza kama kuna mwenye swali, na hakosekani mtoto mmoja, kwa kawaida wa kidato cha pili ambaye bado hajafundishwa woga, anasimama: "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, mtaji wa kwanza ulipata wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mtaji wa kwanza ni nidhamu."

Watu wanacheka, wanapiga makofi tena, mtoto anakaa. Mtazame usoni. Anajua hajajibiwa.

Mimi siamini kwamba wageni hawa wanaficha kwa ubaya. Wengine wameshasimulia habari zao mara nyingi mno, sehemu ya katikati imelika. Wengine walipewa fremu na kaka, au walioa kwenye familia yenye duka, na hilo halipendezi kulisema mbele ya watoto mia nne waliovaa sare. Lakini matokeo ni yaleyale: mtoto anarudi darasani akiwa na hamu kubwa na hana pa kuanzia.

Wanazuoni wana namna nzuri ya kulieleza hili. Mwaka 1982 Albert Shapero na Lisa Sokol waliandika kwamba mtu huamua kuanzisha biashara pale mambo mawili yanapokutana: aone jambo lenyewe linatamanika, na aone linawezekana kwake yeye. Hotuba ya mahafali inashughulika na la kwanza tu. Gari likiegeshwa karibu na jukwaa, kutamani kumekamilika. La pili halijaguswa.

Na pengine limeguswa kwa kuharibiwa. Penelope Lockwood na Ziva Kunda walichapisha mwaka 1997 utafiti uliofanyika Kanada, ambamo wanafunzi wa uhasibu walisomeshwa habari za mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyefanya vizuri kupita kiasi. Wale wa mwaka wa kwanza walipanda moyo, maana waliona bado wana muda wa kufika alipofika yeye. Wale wa mwaka wa nne, ambao muda wao ulikuwa umekwisha, habari ileile haikuwainua. Nyota ni yuleyule, hadithi ni ileile. Kilichotofautiana ni umbali kati yake na msikilizaji.

Umbali huo niliuona kwa macho yangu mwaka 2020. Mtakumbuka shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona na zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Siku chache kabla ya kufunguliwa, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia serikali vipande viwili vya tanzanite vyenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa pamoja, akalipwa shilingi bilioni 7.7. Rais Magufuli alimpigia simu watu wakisikiliza. Agosti akaleta kipande cha tatu. Basi wavulana waliporudi darasani hapakuwa na habari nyingine. Mirerani ni karibu, ukitoka uwanja wa ndege wa KIA unaelekea kusini umefika, na kila mmoja alikuwa na binamu au jirani aliyewahi kushuka shimoni. Hata kipimo cha ndoto kilibadilika: aliyekuwa anataka duka la simu sasa alitaka kitalu cha kuchimba madini.

Nikawauliza Laizer alikuwa anafanya nini mwaka mmoja kabla ya lile jiwe. Kimya. Mmoja akasema alikuwa anachunga ng'ombe. Kweli ng'ombe alikuwa nao, tena wengi, na ndilo jibu lenyewe ambalo hawakuliona. Mgodi unahudumiwa. Wana-Apolo, yaani vijana wanaochimba shimoni, wanakula kila siku hata jiwe lisipotoka. Baruti inanunuliwa, kompresa inakunywa dizeli, leseni inalipiwa. Mtu anaweza kuhudumia shimo kwa miaka na asione kitu. Aliyefika kwenye lile jiwe ni yule aliyekuwa na cha kulishia shimo muda wote huo. Mtoto wa kidato cha tatu alichokiona kwenye televisheni ni mzee aliyejifunga shuka akishika jiwe la zambarau, na hundi kubwa ya mfano.

Sisemi Laizer ni mfano mbaya. Nasema tulipewa siku yake moja.

Hapa Kilimanjaro tuna namna yetu wenyewe ya kutoa siku moja. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, tunaita kwenda kuhesabiwa, na kwa wiki mbili barabara ya kwenda Marangu, Rombo na Machame inajaa magari yenye vumbi la Chalinze. Baba mdogo kutoka Kariakoo anashuka na V8. Mbuzi anachinjwa, mbege inanunuliwa kwa ndoo, watoto wanagawiwa noti mpya. Kijana aliyekaa na bibi yake mgombani mwaka mzima anamtazama baba mdogo na anaamua hapohapo maisha yake yatakuwaje. Januari tarehe tano gari linageuza. Baba mdogo anaporudi anakutana na kodi ya fremu ya miezi sita, makadirio ya TRA, na mzigo alioletewa kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, ambao haujaisha. Hayo kijana hayaoni. Na wapo, mjini tunajua, wanaokuja na gari la kukodi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema vijana wa Kilimanjaro wana bahati kwa sababu wamezungukwa na wafanyabiashara, naguna kidogo. Wamezungukwa na wafanyabiashara walioko likizo.

Tuchukue mkubwa kuliko wote kwa upande huu, Reginald Mengi. Alipozikwa Machame Mei 2019 darasa langu lote liliandika habari zake bila kuagizwa. Kila insha ilikuwa na nyumba ya udongo mwanzoni na vyombo vya habari mwishoni, na hapo katikati neno "juhudi". Lakini katikati pana mambo mazito. Mengi alisomea uhasibu Uingereza, akarudi, akafanya kazi miaka mingi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers and Lybrand hadi kuwa mmoja wa wakuu wake hapa nchini. Alipoanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, alikuwa mtu aliyeshasoma vitabu vya hesabu vya makampuni ya watu wengine kwa miaka. Alijua yanakufa kwa nini. Chukua na Zainab Ansell, aliyeanzisha Zara Tours hapahapa Moshi miaka ya 1980: kabla ya hapo aliajiriwa na shirika la ndege la taifa. Alijua tiketi inauzwaje na mgeni anahitaji nini kabla hajauza safari ya mlima kwa jina lake.

Ukiwauliza wanafunzi wangu, kuajiriwa ni kinyume cha ujasiriamali. Wameambiwa hivyo na watu wa semina za ujasiriamali. Wangeonyeshwa ile miaka ya katikati ya watu wanaowapenda, wangekuta ajira imejaa tele.

Kuna muhula mmoja niliamua kumwalika mtu wa aina nyingine. Dada mmoja aliyemaliza shuleni kwetu, si zamani, anatengeneza mtindi katika chumba kimoja kule Pasua na kuuza kwenye maduka ya mtaani. Sikumwomba hotuba. Nilimwomba aje na daftari lake. Alikuja kwa bodaboda na kifurushi cha vikombe vya kuonjesha, amevaa dera na sweta, na mkuu wa shule alipomwona akaniuliza kwa upole kama mgeni mwenyewe bado yuko njiani.

Hakujua aanzie wapi. Nikampa chaki nikamwambia aandike siku moja, siku ya jana. Akaandika maziwa lita 40 kutoka Kibosho, kila lita 1,600, jumla 64,000. Vikombe 150 kwa 80, ni 12,000. Sukari na mbegu ya mtindi 6,000. Gesi 5,000. Bodaboda ya kusambaza 6,000. Akapiga mstari: 93,000. Halafu mauzo: vikombe 150, dukani anawaachia kwa 700, ni 105,000.

"Faida elfu kumi na mbili," darasa likasema kwa pamoja, na nikaona wengine wameshaanza kuzidisha kwa siku 30.

"Vikombe ishirini vikirudi?" akawauliza.

Wakakaa wakapiga hesabu. Vikombe 20 mara 700 ni 14,000. Siku nzima ya kazi, amekula hasara ya elfu mbili. Na vinarudi, akasema. Umeme ukikatika usiku, vinarudi. Mvua ikinyesha wiki nzima watu hawanywi mtindi wa baridi, vinarudi. Mwenye duka akizima friji usiku kubana matumizi, vinarudi, na yeye ndiye anayesema mtindi wako mbovu.

Nimefundisha mada ya gharama na faida kwa vitabu, kwa vielelezo, kwa maigizo. Sijawahi kuona darasa likifikiri namna ile. Maswali yakaanza kuja bila kunyoosha mikono. Kwa nini usiwakataze kuzima friji? Kwa nini usiwauzie jumla jumla na vikioza viwe vyao? Alijaribu, wakakataa kuchukua. Kwa nini usipeleke supamaketi? Kwa sababu wakati ule hakuwa amepata nembo ya ubora ya TBS, na bila nembo supamaketi haimtazami. Nembo inataka nini? Chumba cha kutengenezea kitenganishwe na chumba cha kulala, kwanza. Darasa likacheka, naye akacheka, maana walikuwa wameshaelewa chumba ni kimoja.

Kisha likaja lile swali, kutoka kwa msichana wa nyuma kabisa. Mtaji ulipata wapi?

"Mama alinikopea laki nne kwenye kikoba chake. Friji alinipa shangazi yangu wa Arusha, alikuwa anahama. Mkopo ule niliurejesha kwa shida, miezi miwili mama alinilipia yeye."

Basi. Nusu dakika. Hakuna aliyepiga makofi, lakini wengi waliinamisha vichwa wakaandika, na nilipopita kati ya madawati niliona wameandika nini: kikoba, laki nne, friji, shangazi. Nadhani kila mmoja alikuwa anahesabu shangazi zake.

Howard Van Auken na wenzake walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya wanafunzi wa chuo Marekani na watu waliowachukua kama mfano. Walitaka kujua ni kitu gani hasa anachofanya mtu huyo kinachoendana na mwanafunzi kutaka biashara yake mwenyewe. Yaliyojitokeza zaidi ni kumshirikisha kijana katika shughuli, kumpa kazi ndani ya biashara, na kuzungumza naye habari za biashara hiyo. Kumshangaa kwa mbali hakukuwa na uzito huo. Albert Bandura alikuwa ameshalisema kwa upana zaidi miaka ya 1970: imani ya mtu kwamba anaweza jambo hujengwa kwanza na kulifanya mwenyewe, kisha na kumwona anayefanana naye akilifanya, maneno ya kutia moyo yako nyuma ya hayo. Sherehe zetu tumezijenga juu ya kile kilicho dhaifu.

Sasa niseme jambo ambalo wanasemina hawalipendi. Baada ya yule dada kuondoka, mwanafunzi mmoja mwenye akili sana ya hesabu alinifuata ofisini. "Mwalimu, mimi biashara sitaki tena. Nitaenda uuguzi." Nikamuuliza kwa nini. Akasema hataki maisha ambayo mtu mwingine akizima friji yeye ndiye anayelala njaa. Sikumpinga. Mfano wa kweli unafanya kazi pande zote mbili, unavuta na unasukuma, na aliyesukumwa akiwa kidato cha tatu ameokolewa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, ambao angeutafuta akiwa na miaka ishirini na minne. Lengo la kuwaonyesha biashara si kuwajaza wote kwenye biashara.

Wengine husukumwa mapema zaidi, nyumbani. Wanafunzi wangu wengi mama zao ni wafanyabiashara. Wanauza ndizi Mbuyuni, mitumba Kiboriloni na Memorial, mboga, vitenge, chakula. Kuna msichana ukimwuliza bei ya mkungu wa ndizi mshare ya Aprili na ya Septemba anakutajia bila kufikiri, na anakwambia nani kati ya madalali anapunja. Ujuzi huo hakuna kitabu cha kidato cha nne kinachoufikia. Lakini mwambie ataje mjasiriamali anayemvutia, ataandika Bakhresa, ataandika Mo Dewji. Zamani nilifikiri ni dharau. Nilipokutana na mama zao kwenye vikao vya wazazi nikaelewa. Wao ndio wanaowaambia: "Soma mwanangu, usije ukauza ndizi kama mimi." Mtoto ana mfano hai, wa karibu, anayefanana naye, na mfano wenyewe unamkataza asiuige. Atafanyaje?

Wala siwezi kumlaumu mama. Amechoka mgongo. Anachokijua kuhusu biashara yake ni uchovu, kwa sababu faida haijawahi kukaa mkononi mwake muda wa kutosha kuhesabika; imetoka kwenda ada, hospitali, rambirambi, marejesho. Kikao kimoja niliwaomba akina mama watatu tukae tuandike mauzo ya wiki. Mmoja alikuta anaingiza kuliko mshahara wangu. Alinitazama kwa huruma, na nadhani hadi leo ananionea huruma.

Hilo linanikumbusha swali ambalo wanafunzi wanalipenda kuliko yote: "Na wewe ticha una biashara gani?" Nafuga kuku wa mayai. Wanajua, maana trei zinaonekana chini ya meza yangu. Wakiniuliza nawapa hesabu, pamoja na ule mwezi ambao mdondo ulipita bandani, na naona wananisikiliza kuliko ninapofundisha hati za malipo.

Kuna shule nyingine ya biashara ambayo imekuwepo muda mrefu na haina mahafali. Popote nchini, mtaa wowote, duka la rejareja la kona huitwa kwa Mangi, jina la machifu wa Kichaga, hata kama mwenyewe ni Mpare. Nyuma ya jina hilo kuna utaratibu. Kijana anamaliza kidato cha nne, matokeo si mazuri, mjomba anapiga simu kutoka Mwanza au Mbeya: mleteni aje anisaidie dukani. Anafika, analala stoo juu ya magunia. Anajifunza kupanga bidhaa, kumkatalia mkopo mteja bila kumpoteza, kutambua noti bandia kwa kidole, kujua sukari itapanda lini. Mshahara ni mdogo au haupo kabisa. Baada ya miaka kadhaa, akiwa mwaminifu, anafunguliwa duka lake. Mjomba anamlipia fremu, anamdhamini kwa muuza jumla apewe mzigo, na yeye naye baada ya muda anapiga simu nyumbani.

Sitaki kuupamba. Wapo wajomba walioahidi na wakasahau, wakamtumia kijana hadi ndevu zikaota mvi kidogo, kisha wakamfukuza kwa kisingizio cha elfu hamsini iliyopotea. Kesi hizo zinaishia kwenye vikao vya ukoo na haziishi vizuri. Na wasichana hawapigiwi simu hiyo kwa wingi kama wavulana. Wanaitwa kwenda kulea mtoto wa mjomba, si kukaa kaunta. Lakini pale utaratibu huu unapokwenda vizuri, una yote ambayo akina Van Auken waliyakuta: kuingizwa ndani, kupewa kazi, kuzungumzishwa. Na lile swali la mtaji lina jibu tangu siku ya kwanza. Sisi walimu, kijana wa namna hii tunamwandika kwenye takwimu zetu kama aliyeshindwa kuendelea na masomo.

Tena mifano yetu yote ni ya mtu mmoja mmoja. Katikati ya mji huu kuna jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa wa mlimani walikuwa na chama chao tangu 1925, na mwaka 1933 kikawa KNCU, wakauza kahawa yao kwa pamoja. Ushirika huo ndio uliosomesha babu za watoto ninaowafundisha, na Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapahapa Moshi. Umepitia mengi, ukiwemo ule mwaka 1976 serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika. Bado sijasikia mgeni rasmi akimtaja mtu wa mfano ambaye mafanikio yake yalikuwa kukubaliana na majirani.

Na hapa siasa inaingia, tutake tusitake. Maneno "vijana jiajirini" yanasemwa zaidi pale ajira zinapokosekana, na mtu aliyefanikiwa huletwa jukwaani kama ushahidi kwamba ukikosa ni uzembe wako. Hiyo naikataa. Vijana hawahitaji kuaibishwa na mafanikio ya mtu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Ili uipate unahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, andiko. Mgeni rasmi mmoja angesimama aeleze kikundi chao kiliandikaje katiba, nani alikimbia na hela, na walimpataje, mimi ningempa muda wote wa sherehe na keki juu yake.

Sasa tuko hivi. Nimepeleka pendekezo kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu wanaotaka wapelekwe Jumamosi, wawili wawili, kwenye biashara za mjini, wakae kuanzia kufungua hadi kufunga hesabu. Kushangaa marufuku, wafagie, wapange, wapime, waandike. Mkuu wa shule anataka barua za wazazi, na ana haki. Wazazi kadhaa wamekataa, mmoja kwa maneno makali: hakulipa ada ili mtoto akauze misumari. Wengine wameuliza kama watalipwa. Wasichana hatutawapeleka mahali ambapo hakuna mama au dada wa kukaa nao, hilo nimeliweka mwenyewe na sijadiliani.

Kwa wafanyabiashara nilitegemea ugumu, nikakuta wepesi kuliko nilivyodhani. Mwenye bekari ya Majengo alikubali kabla sijamaliza sentensi, ila wafike saa kumi alfajiri. Fundi cherehani wa Double Road amekubali. Yule dada wa mtindi amekubali, na sasa ana vyumba viwili. Mwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani amesema anaweza kuwachukua stoo, wakahesabu mahema na kupima mizigo ya wagumu, yaani wapagazi, isizidi kilo 20. Mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alikuwa mgeni wetu rasmi mwaka fulani na ndiye aliyesema mtaji ni nidhamu, alinikaribisha chai, akafikiri sana. Akasema walete, lakini ana sharti: daftari la madeni watalisoma, watalijumlisha, hata wakitaka watampigia simu mdaiwa mmoja ili wajue kudai kukoje. Simu zao wataziacha kaunta, maana nusu ya majina yaliyomo ni ya walimu.

Nimemwambia sharti limekubalika.